Pati Kwenye Mkia wa Ndege

Iyula,
16 Juni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta nyonga ikiwa na nafuu kidogo, na kwamba mama bado anakuzuia kwenda shambani hata unapojifanya unakwenda kuangalia tu. Mimi sijambo, ni mikono tu imepauka kwa thina ya kuyeyushia rangi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi ni mwepesi wa kukata. Anayekuletea ni Yesaya, yule dereva wa mbao. Mpe chai kabla hajaondoka.

Nasikia umelitangazia kanisa zima la Mbebe kwamba binti yako anapaka ndege rangi. Ni kweli, na wala usipunguze sauti. Ndege ndogo ya misheni, ile ya viti sita inayopeleka wagonjwa Dar es Salaam, ilikuwa imebabuka tumbo hadi bati linaonekana. Fundi wake mkuu, Bwana Osea, alizunguka Tunduma akiuliza nani ana mkono mzuri wa rangi, na gereji tatu zikamtajia yule mwanamke wa malori. Sikuwahonga.

Siku ya kwanza tulibishana. Mimi nimezoea praima ya Mbeya, ile rangi ya kwanza ya chini, thina ya ng'ambo Nakonde na hadina yoyote ya kugandisha iliyopo dukani, na malori yangu yanang'aa mpaka Kongo. Osea akasema rangi ya ndege ni ukoo mmoja: praima, rangi ya juu, hadina na thina vitoke kwa mtengenezaji mmoja, vichanganywe kwa vipimo, maana huko juu kuna jua kali, baridi na mafuta, na vitu visivyojuana huachana. Zilikuwepo aina mbili za kuchagua. Moja hukauka upesi na kusamehe makosa, lakini hupauka baada ya misimu miwili. Nyingine ni ngumu kama ukucha, ila ukikosea kuchanganya unaanza upya. Nikataka hiyo ngumu, nikapaka vibati vinne vya majaribio mbele yake. Cha nne alikikwangua kwa sarafu, rangi ikakataa kutoka. Tangu hapo ananiita fundi.

Tumeipaka nyeupe, na mstari wa buluu ubavuni. Baba, imependeza. Ukiiona utasema ilizaliwa hivyo.

Sasa nifike ninapopakwepa. Mwenye lori wa Tunduma hakagui kwa macho. Anapitisha kiganja ubavuni, na akigusa kibonyeo anakataa gari. Kwa hiyo mkono wangu ukikuta bonde unajaza pati, lile tope la kuzibia mabonde, bila kuniuliza. Kwenye kile kibawa cha mkia kinachopanda na kushuka palikuwa na kibonyeo cha upana wa kidole gumba. Osea alikuwa amekataza pati kwenye kibawa chochote kinachocheza, kwa kuwa uzito kidogo tu pale unaweza kukifanya kitetemeke angani mpaka kikatike. Nilimsikia vizuri. Alipokwenda Vwawa kufuata msasa, nikajaza, nikasugua, nikapaka.

Alipokipima, uzito ukazidi. Akaniuliza kama nimeongeza mkono wa rangi. Nikasema ndiyo, mmoja tu. Akaniamini, akaongeza kipande cha madini ya risasi upande wa mbele ili kisawazike, akakifunga.

Jumatatu, siku moja kabla ya safari yako ya kwenda Dar es Salaam kutibiwa nyonga, nilimwendea nikamweleza yote. Hakufoka. Alikwangua pati yangu, na chini yake kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Niliuona nilipokuwa natoa rangi ya zamani, nikadhani ni mkwaruzo. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi.

Kwa hiyo, baba, hakukuwa na ukungu Jumanne ile. Nilikupigia alfajiri nikakudanganya kwamba ndege haitaruka kwa sababu ya ukungu. Wiki mbili hizi umeumia bure, na aliyekuumiza ni mimi. Nisamehe.

Kibawa kipya kimefika, nimekipaka Osea akiwa amesimama pembeni, na mizani imekubali. Makosa yangu ameyaandika kwenye kitabu cha ndege, na jina langu, lakini hakunifukuza. Utasafiri Alhamisi, na kuhusu kazi hii sasa sina hofu hata chembe.

Kilichobaki ni swali lake. Aliniuliza kama ningesema iwapo baba yangu asingekuwa anapanda. Sikumjibu. Wewe nakujibu. Orodha ya abiria ilibandikwa mlangoni tangu Ijumaa ikiwa na majina matatu: Ketrina wa Galula, mtoto wake mchanga, na mzee mmoja aitwaye Alinanuswe. Nikaisoma, nikaenda kula. Jibu la hospitali kuhusu wewe lilikuja Jumatatu ndipo jina lako likaongezwa chini yao, na ndipo nikasema.

Alhamisi utakaa nao. Ketrina hupenda kushukuru watu, na ameshanishukuru mara mbili kwa rangi nzuri. Tafadhali usimwache anishukuru tena bila kumweleza.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na shangazi Lusungu mwambie kitenge chake nimekipata. Nitakuwa kiwanjani mapema kukupokea. Mungu awatunze nyote nyumbani.

Mimi mwanao,
Tukuswiga