Shaibu Hakulewa, Mama

Kasulu, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mwanao Somoe ni mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Vipi mgongo wako? Na hao nguruwe pori wa Kilimarondo, mmewafukuza shambani au bado wanavuna kabla yenu? Huku mvua haikatiki, hata chaki inalowana mkononi.

Wifi Mwajuma, mke wa kaka yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Usiruke hata pale ninapogomba.

Mama, juzi ulipanda kilimani kutafuta mtandao ukaniambia mmeacha kumchoma mdogo wangu Shaibu sindano. Nilipoanza kupiga kelele simu ikakata, na tangu hapo hupatikani. Nimetuma ujumbe kwa mwenye duka, sijui kama umekufikia. Barua hii naikabidhi kwenye basi. Mpaka ifike Nachingwea na ipate pikipiki ya kuja huko, Mungu ndiye ajuaye. Lakini nisipoandika nitapasuka.

Kumbuka msimu ulipoanza. Mdogo wangu alirudi kutoka kuokota korosho anayumba, anatapika, mdomo unanuka mabibo ya mkorosho yaliyochacha. Mjomba Chande akanusa mara moja tu: "Huyu kanywa uraka!" Nani angembishia? Wakati wa mabibo kila kichaka kina ndoo ya pombe hiyo, na vijana wanaonja. Akachapwa, akamwagiwa maji, akafungiwa ndani alale imtoke. Maskini Shaibu, analia, "Wallahi sijanywa," huku anahema kama aliyekimbizwa. Kulipokucha anahema vilevile, ukimwita haitiki vizuri, ndipo ukampakia kwenye bodaboda mpaka hospitali Nachingwea. Ungesubiri jua lipande, tungemzika. Daktari akapima: kisukari, Mama, sindano kila siku. Mtoto hakulewa.

Sasa Mjomba anasema sukari imezidi mwilini, basi mtoto asile ugali, apewe mboga na maji, na asiyekula sukari sindano ya nini? Ukiyasikia yanaingia akilini. Hata mimi nisingesoma ningesema hivyohivyo, ndiyo maana naogopa.

Nisikilize. Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila seli ina jiko lake. Ugali na mihogo tunayokula hugeuka sukari iitwayo glukosi, ikatembea na damu. Ikiingia ndani ya seli huvunjwavunjwa kidogo kidogo, na kwa msaada wa hewa tunayovuta hutoa nguvu: ya kulima, ya kucheka, ya moyo kupiga. Kinachobaki ni maji na ile hewa tunayoitoa puani. Lakini ili iingie vizuri inahitaji insulini, na mwili wa Shaibu umeacha kuitengeneza. Ndiyo hiyo iliyo kwenye kichupa. Bila hiyo, kuni zimejaa uani na jikoni hakuna moto. Seli zinalia njaa, mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe ovyo ovyo, na taka za kule kuchoma ndizo zilizomtapisha, zikamfanya aheme na kunuka vile. Hata asipotia kitu mdomoni, ini lake linaendelea kumwaga sukari kwenye damu. Kwa hiyo mnamtesa kwa njaa na ugonjwa uko palepale!

Mada hii naifundisha kidato cha tatu. Jana nimechora seli ubaoni, nikafika kwenye glukosi, nikaacha kuandika nikageukia ukuta. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikasema vumbi la chaki limeniingia machoni. Naijua njia yote ya hiyo sukari, Mama, na sindano moja siwezi kumchoma mdogo wangu. Inanifaa nini? Nimeomba ruhusa, nimeambiwa mitihani ya kidato cha nne kwanza. Nikitoroka kazi imekwenda, na kazi hii ndiyo inayonunua dawa yake. Nikae, niende, sijui. Nimechoka kulia.

Najua kwetu neno la mjomba ndilo. Sikuambii umvunjie heshima. Mwambie tu Somoe anampigia magoti. Mkimaliza kusoma, mpakieni Shaibu mumrudishe Nachingwea, daktari amwangalie, kisha achomwe kama mtakavyoelekezwa, na ale. Kichupa kikae kwenye kile chungu chenye mchanga uliolowa maji, kisipigwe jua. Na siku yoyote akitapika na kuhema, asinuswe na mtu. Hospitali, hapohapo.

Nisalimie Mjomba Chande na mkewe. Msalimie Bibi, mwambie kanga yake ninayo. Shangazi anayeuza ufuta sokoni Ruangwa akipita, mpe salamu zangu na umweleze haya yote. Mjomba humsikiliza yeye. Kaka naye asiingie mitini, ndiye mwenye pikipiki. Wifi, asante kwa sauti yako.

Kila nikitoka darasani nitakuwa napiga. Simu ikishika, Mama, usinianzie na salamu. Nianzie na Shaibu.

Mwanao,
Somoe