Hakuna Aliyesimama

Gongoni, Jumamosi usiku

Bado nina hasira na yule mshereheshaji, ingawa nia yake ilikuwa njema. Katikati ya hafla ya kumuaga mke wangu kazini alitangaza, "Wote mliosaidiwa na Mama Ustawi mkiwa watoto, simameni tuwaone."

Watu wakainamia sahani zao. Afisa ustawi wa jamii kama mke wangu huitwa kwenye nyumba zenye mambo ambayo majirani hawayajui: mtoto anayepigwa, mama aliyefukuzwa. Kusimama pale ni kuyatangaza hayo mbele ya mji mzima.

Dada mmoja meza ya nyuma alianza kuinuka. Niliogopa kwa ajili yake.

Mke wangu akachukua kipaza sauti. "Kaa, mwanangu. Humu ndani simjui mtu, mimi nimefuata pilau."

Watu wakacheka. Yule dada akaketi, akajifuta macho.

Tumezeeka pamoja, na sijawahi kusikia kwake jina la mtoto hata mmoja. Zamani iliniudhi. Leo nilikaa pembeni yake nikijivuna kama bwana harusi.

Njiani nikamwuliza yule dada ni nani.

"Dada gani?" akasema.