Bibi Ameivisha Inveta Kitambaa

Shangazi wa gazetini,

Shikamoo. Nisaidie haraka, maana sijui nianzie wapi. Tumefunga sola! Sasa nasoma riwaya mpaka nasinzia bila moshi wa koroboi puani, ila inveta, ile mashine ya ukutani inayoleta umeme kwenye taa, inanguruma hadi majirani wanatuuliza kama tumefungua kinu cha unga, na baba, ambaye ni mlinzi wa usiku na hulala mchana, ameapa: "Dude hili linakoroma kunishinda! Mwisho wa mwezi fundi analing'oa, turudi kwenye koroboi yetu."

Shangazi, nimegundua kelele inatoka wapi! Bibi ameifumia kitambaa, kama alivyofumia redio na viti vyote vya sebuleni, akakifunga vizuri ili vumbi lisiingie, na kimeziba matundu ya feni inayoipoza. Juzi alipokwenda kuoga nilikivua, nikakaa nikisikiliza, na baada ya muda mashine ikatulia kabisa, nikatamani kurukaruka! Bibi akarudi. "Nani kamvua mgeni wangu?" akauliza, akakirudisha, nami nikainamia kitabu kama bubu. Amekifuma na macho yake hayo mabovu, na kila anayeingia hukisifu. Nikisema, atavunjika moyo. Nikinyamaza, taa inaondoka. Nifanyeje?

Mpenda Vitabu

Marahaba, mwanangu.

Nilianza kukusoma nikicheka, kisha nikaacha. Umegundua kilichomshinda baba yako, halafu unainamia kitabu? Mashine iliyozibwa pumzi hupata joto, na joto hilo laweza kuiharibu, hata kuwasha moto kitambaa chenyewe. Haya yako iweke kando.

Ila usimkimbilie baba. Bibi asiisikie habari hii kwa mtu mwingine. Mwite leo hii, mkiwa wawili tu, wala usimhubirie. Msogeze karibu, asikie lile joto kwa kiganja chake, umwambie, "Bibi, mgeni wako anakosa hewa." Aliyemvisha ndiye amvue. Vumbi lisimtie hofu: fundi akuonyeshe namna ya kulifuta, kazi hiyo iwe yako.

Na baba akiamka jioni ameshiba usingizi, akauliza lile dude limepatwa na nini, wewe funga mdomo. Mwache Bibi ajibu.