Miwani ya Fundi Seremala

Mpendwa Mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niwekee akiba, naomba msaada maana nina furaha kubwa na aibu kubwa na vyote viwili vimekaa benchi moja. Mimi ni fundi seremala, nina mke na binti wa miaka tisa tunayemwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea, na huyu Chiriku mwenye maneno yote hayo alifika darasa la tatu hawezi kusoma hata jina la shule yake, wenzake wakamcheka, akawa anaumwa tumbo kila Jumatatu, mpaka alipokuja mwalimu mmoja, Mungu amzidishie, akasema mtoto si mjinga wala mvivu, ana disleksia, akili yake nzima ila herufi hazimkai mpaka afundishwe kwa mpangilio, sauti moja moja, halafu silabi, halafu neno, bila kuruka hatua, na kila sauti aione, aitamke na aiandike kwa kidole papo hapo.

Akataka mzazi arudie somo naye kila jioni. Mke wangu akasema, "Baba Chiriku, hiyo kazi ni yako, wewe ndiye mwenye unga wa mbao." Basi tukawa tunamwaga unga wa mbao kwenye trei, mtoto anachora herufi huku anatamka, anazipigia silabi makofi, akikosea tunafuta kwa kiganja tunaanza upya, hakuna kelele, na sasa mwaka umepita, Mshauri, anasoma, juzi kanisomea ukurasa mzima mpaka nikageukia ukutani nikajifanya natafuta randa.

Sasa aibu yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kusoma. Shule ilinishinda nikiwa mdogo kama yeye, nikatoka na jina la Gogo. Mke wangu nilimwambia nina macho mabovu, huu mwaka wa kumi na mbili, na yeye maskini kaninunulia miwani, nikaivunja makusudi, akanunua nyingine, hii ya sasa ni ya tatu na inanitia kizunguzungu, na ujumbe wa simu ananisomea hata kabla sijamwomba. Kumbe kwenye ule unga wa mbao nami nikawa nachora, nikifuata kila sauti Chiriku aliyotoka nayo darasani, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siku tisa. Mwalimu aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye shida hii, nikasema hakuna. Chiriku naye kaniuliza, "Baba, ni mimi peke yangu?" nikamtuma apeleke misumari ndani. Jumamosi wazazi tumealikwa shuleni, mwalimu anataka mimi na binti tusome pamoja mbele ya watu, na mke wangu atakuwepo. Niende, au niseme macho yanauma?

Fundi wa Miwani Tatu

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa raha tu. Hongera sana. Sasa kaa chini nikuseme.

Miaka kumi na miwili unamdanganya mtu anayekununulia miwani, huoni haya? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini hebu fikiri kidogo. Mke anayekusomea ujumbe kabla hujamwomba, halafu akamkabidhi mwenye macho mabovu kazi ya kufundisha herufi. Siwezi kuapa, ila nadhani huyo mama alipeleka watu wawili shule. Mwendee na miwani mkononi, na uanze na ahsante, samahani ifuate.

Mwalimu naye mwambie ukweli. Disleksia mara nyingi hutembea kwenye ukoo, na alikuuliza kwa sababu anataka kumjua mtoto wako vizuri. Umesema Mungu amzidishie, basi nawe usimpunguzie.

Kinachoniuma ni ile misumari. Ulidhani umelikwepa swali, kumbe umelijibu. Mtoto alielewa kwamba ndiyo, ni yeye peke yake.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Leo jioni mwaga unga wa mbao, uandike jina lako mbele yake, umwambie ulianza kuliandika lini na nani alikufundisha. Shuleni uende bila miwani, na mkikwama kwenye neno lipigieni makofi pamoja, hata watu wakitazama. Na akikuuliza tena kama ni yeye peke yake, usimtume kokote.