Kaka Ameanza Kuvunja Adabu za Gofu

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Ndeshi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mmemaliza kuchuma kahawa ya upande wa mtoni, na mgongo wako umepoa kidogo tofauti na ulivyokuwa wakati wa Pasaka. Mama anaendeleaje? Bado anakataa chandarua? Sisi huku tunapumua. Joto ni lile lile, na mvua ya juzi imetuletea matope ya Kariakoo yote mpaka mlangoni mwa duka.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, kutwa nzima niko dukani na Kaka, kaunta moja, na jioni tuko naye sebule moja. Halafu wewe simu yako unaiweka spika. Mama anasikia, na kila aliyekuja kuomba moto anasikia. Hili sitaki Mama alisikie kabla yako. Nitamkabidhi kondakta wa basi la Moshi kile kifurushi cha vitenge, na barua nitaiweka ndani ya sufuria jipya lililomo humo. Isome ukiwa peke yako.

Ni habari za Kaka Eliakimu.

Unakumbuka Krismasi ile alipokuja na fimbo zake za gofu, akawa anapiga mipira kwenye uwanja wa shule, Mama akauliza kama mtu mzima huyu amekosa kazi. Fimbo zile alizipata kwenye kontena la mitumba, zikakaa dukani kati ya ndoo na masufuria bila mtu wa kuzinunua, mwisho akaanza kujifunza mwenyewe. Wifi alipofariki ndipo akauingia mchezo kwa moyo wote. Akamvuta Mzee Hashimu, yule wa Lindi mwenye duka la vitambaa linalotazamana na letu, wakawavuta na wengine wa mitaa ya jirani, ikawa klabu. Usidhani ni klabu ya wakubwa. Ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokodi basi Jumamosi moja kwa mwezi kwenda kiwanja kilicho nje ya mji. Mimi nikapewa kazi ya kuandaa safari: basi, chakula, na kuwakumbusha watu. Sichezi. Natembea nao na mwavuli na maji.

Sasa, gofu ina adabu zake, na Kaka alizipenda kuliko hata kushinda. Kila safari alisimama ndani ya basi akatukumbusha. Shati liwe na kola. Simu izimwe. Mwenzako akisimama kupiga, nyamaza, usitikise hata funguo mfukoni. Usikanyage mahali ambapo mpira wake utapita kwenda shimoni. Ukichimbua nyasi, zirudishe uzikanyage vizuri. Na iliyo kubwa: usipige mpaka walio mbele yako wameondoka, na ikitokea mpira umewaelekea watu, paza sauti wajikinge. Hebu fikiria, Dada, watu wanaoishi kwa kuita wateja tangu asubuhi, wamesimama kwenye nyasi kimya hata unasikia ndege. Kaka alikuwa akisema pale ndipo kichwa chake kinapopumzika.

Baada ya Pasaka akaanza kubadilika. Kwanza aliongea mtu akiwa anapiga. Tukacheka, tukamtania kwamba mwalimu amesahau somo. Safari iliyofuata akapiga mpira wa mtu mwingine, na alipoambiwa akaapa kuwa ni wake, akakasirika. Mwenyekiti wa klabu, yule kijana anayeuza taa na nyaya za umeme, akasema pembeni kwamba mzee ameanza ujanja. Nilimsikia. Iliniuma, maana wewe na mimi tunajua Kaka wetu si mtu wa ujanja.

Lakini hata dukani nilikuwa nimeshaona mambo. Siku moja alikuja mteja wetu wa Songea, wa miaka mingi. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, Kaka akaingia stoo kumletea masufuria. Alipotoka akamsalimia upya, kwa furaha ile ile, akamuuliza amefika lini mjini. Mteja akanitazama. Nikajifanya nafunga maboksi.

Nilijipa moyo kwamba ni uchovu. Ndipo ikaja safari ile.

Siku hiyo Mzee Hashimu alikuwa kwenye kundi la mbele, na Kaka alikuwa wa nyuma yao. Palikuwa na mivinje upande mmoja, na wale wa mbele walikuwa bado wanatafuta mpira uliopotea. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Kaka. Nikaona anachomoa fimbo. Nikamwambia, "Kaka, bado wapo."

Akasema, "Nawaona." Akapiga.

Alipiga vizuri, Dada, kama zamani. Mpira ukapanda, nikauona unapoelekea. Nikasubiri apaze sauti, kwa sababu ndiye aliyetufundisha, na kule kusubiri kukala muda wote uliokuwepo. Nilipopiga kelele mimi, Mzee Hashimu alikuwa anainuka na mpira wake mkononi. Ulimpata kwenye mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho.

Tulikimbia. Tulipofika damu ilikuwa inapita katikati ya vidole vyake, wenzake wamemkalisha chini. Kaka alifika akihema, akapiga magoti, akamshika bega. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani amepiga?" akauliza. "Nani huyu asiye na adabu?"

Mzee Hashimu alimtazama Kaka kwa lile jicho moja lililobaki wazi, kisha akasema, "Sikumwona, Eliakimu. Mpira umetokea huko tu."

Na Kaka akavua shati lake, lile lenye kola, akaanza kumfuta nalo damu.

Mzee Hashimu alishonwa. Jicho limepona, ingawa anasema vitambaa vyake vya rangi za karibu karibu sasa hawezi kuvitofautisha mpaka avilete kwenye mwanga. Hajatamka neno baya hata moja. Asubuhi ya Jumatatu Kaka alipomwona na bandeji alivuka barabara kumuuliza kilichompata. Akaambiwa ameanguka bafuni. Akampa pole, na akarudi kuniambia nimkumbushe mzee yule anunue kandambili zisizoteleza.

Nilimpeleka Kaka hospitali kwa kisingizio cha kupima presha. Daktari alimuuliza mambo madogo madogo. Alipomuuliza huu ni mwezi gani, Kaka alicheka akamuuliza kama ofisi kubwa hivi haina kalenda, na mimi nikacheka pia, halafu nikagundua kwamba hakujibu. Daktari aliniita nje. Akanieleza kwamba ni ugonjwa wa kumbukumbu, kwamba kuna vidonge vinavyowasaidia baadhi ya watu ili ugonjwa usiende haraka, ila kilichokwisha kuondoka hakirudi. Alisema kwa upole sana. Nilikuwa nimejiandaa kusikia sukari, au hata kansa, kitu ambacho mtu anapigana nacho. Kwenye kiti cha korido Kaka akaniuliza daktari kasemaje. Nikamwambia presha iko juu kidogo, apunguze chumvi. Tangu siku hiyo anakula bila chumvi, kwa utii kabisa, na mimi namtazama.

Mwanawe Godlisten, kule Mwanza, nilimpigia. Anasema baba amechoka tu, nimpeleke mapumziko. Sikumlaumu. Anaongea naye kwenye simu kwa muda mfupi, na kwenye simu Kaka ni mzima.

Klabu wakakaa kikao kwa Mzee Hashimu, katikati ya majora ya vitambaa. Nilikuwepo kama mwandaaji wa safari. Mwenyekiti alisema yeye hana ugomvi na mzee, ila safari ijayo mpira unaweza kuua. Ungemjibu nini? Mzee Hashimu alikataa, akasema mtu huyo ndiye aliyetuleta pale sote. Wakamuuliza kama yuko tayari kutembea mbele ya Kaka mara nyingine. Akaanza kukunja jora la kitambaa, na ikawa imepitishwa kwamba Kaka asicheze tena. Wakasema mimi ndugu yake ndiye nimwambie.

Nilishindwa, Dada. Kila nikianza, ananitangulia kuniuliza kama basi nimeshalipata. Mwisho nikamwambia safari imeahirishwa, kiwanja kimejaa maji. Akasema sawa. Na kwa vile siku zote basi lilikuwa linatuchukua hapa Magomeni, tukahamishia kituo Posta.

Basi, jana ilikuwa ndiyo Jumamosi yenyewe. Nilimwacha Kaka anakunywa chai, nikamuaga kwamba nina mazoezi ya kwaya. Posta watu walipanda bila maneno mengi. Njia ilikuwa ni ile ile ya Morogoro, hakuna nyingine ya maana, na nilijua tutapita Magomeni. Nikajiambia muda huo yuko ndani anasikiliza redio.

Alikuwa amesimama kituoni. Shati jeupe limepigwa pasi, kofia kichwani, mfuko wa fimbo begani, na mkono ameunyoosha kama anavyofanya siku zote akiliona basi letu. Sijui alijuaje. Labda hakujua, labda miguu yake tu ndiyo iliyokumbuka Jumamosi.

Dereva akapunguza mwendo, akauliza, "Nisimame?"

Nilikuwa kiti cha mbele. Jibu lilikuwa langu, kila mtu alikuwa ananisubiri mimi. Nilimwona Kaka kupitia kioo, anatabasamu. Ni Mzee Hashimu aliyesema kutoka nyuma, "Simama, dereva. Huyo ni wetu."

Akapanda. Akawasalimia wote kwa majina, hakukosea hata mmoja. Hakuniuliza mambo ya kwaya. Basi lilipochanganya mwendo akasimama kwenye njia kati ya viti, akashika chuma, akaanza kutukumbusha adabu. Hakuruka hata moja, Dada. Kola, simu, ukimya, nyasi, zote kwa mpangilio wake, na kwa maneno yale yale. Mwenyekiti alikuwa anatazama nje. Alipofika kwenye ile ya kutopiga mpaka wa mbele waondoke, akainua kidole.

"Hii ndiyo inayolinda watu," akasema. "Mtu akiivunja, msimwonee haya, hata akiwa mkubwa. Mwondoeni."

Kisha akaja kukaa pembeni yangu, akaniinamia sikioni.

"Manka," akaninong'oneza, "leo tunaenda wapi?"

Nikamwambia tunaenda kucheza gofu. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akashika mkono wangu, na hakuuachia mpaka tulipofika.

Kule kiwanjani Mzee Hashimu alichukua mfuko wa fimbo za Kaka akaurudisha ndani ya basi, akisema goti linamsumbua na anaomba Kaka amkalie karibu. Yeye mwenyewe hakucheza. Wakakaa kwenye banda ambako akina mama walikuwa wanatupikia pilau, na mimi nikakaa nao. Kwa mbali tuliona wenzetu kama vidoa vyeupe kwenye nyasi. Kila mmoja wao aliposimama kupiga, huko mbali kabisa ambako hata tungeimba asingesikia, Kaka aliweka kidole mdomoni na kutunyamazisha sote. Wapishi walianza kwa kucheka. Baadaye wakawa wananyamaza kweli, wanashika mifuniko isigonge.

Tulipokuwa tunarudi mwenyekiti alikaa na mimi, akaniomba radhi, macho yamemjaa machozi, na akaniomba safari ijayo nifanye kila namna Kaka abaki nyumbani. Nikamwambia nitafanya. Namna gani, sijui. Nikimfungia ndani atavunja mlango kwa aibu ya kuchelewa. Nikimwambia ukweli, kesho yake nitamwambia upya, na kila mara utamuuma kama ndiyo kwanza anausikia.

Nimewaza nimlete kwenu. Lakini huku kuna duka, na duka ndilo linalomshika; bado akisimama nyuma ya kaunta anasimama kama bwana wa pale. Na huko kuna Mama, ambaye amejiwekea moyoni kwamba Eliakimu ndiye atakayemzika. Nani atamwambia? Sikuandikii ili unipe jibu, maana najua huna, na mimi sina. Nimeshindwa tu kuendelea kulijua peke yangu.

Nisalimie Mama, mwambie vitenge ni vya kushona, visiwekwe sandukuni. Msalimie shemeji na kifua chake. Mjomba mpiga tarumbeta wa kanisani mwambie bado tunamsikia mpaka huku. Msalimie na mama mkwe wa Godlisten ukikutana naye sokoni, lakini kwake usitaje lolote kati ya haya.

Kaka ameamka sasa hivi kutoka usingizi wa mchana, amekuja kukaa mezani hapa ninapoandika. Ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni Dada Ndeshi, na uso wake umefunguka kwa furaha. Anasema nikusalimie sana, yeye hajambo. Halafu amesema nikuulize Baba ameshapona mguu, au bado anatembelea fimbo.

Kaburi la Baba wewe ndiye unayelifagia, Dada.

Nimemwambia nitauliza.

Mdogo wako,
Manka