Somo la Kwanza la Kashindye

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Basi, imekwisha. Mwalimu mkuu hakuzunguka: Kashindye asirudi tena. Ameanguka darasani mara ya pili, wenzake wamekanyagana mlangoni, na wazazi wamekuja juu eti mate yake yataambukiza watoto wao. Nikamwambia kifafa hakiambukizi, daktari kasema. Akajibu kwamba yeye anajua na mimi najua, wazazi ndio hawajui. Kisha akanipa mkono. Mkono wa pole, kama wa msibani!

Binti yangu, mtoto wa miaka saba. Nimetoka pale nikitamani kumrushia mtu jiwe, sijui nani.

Nilimkuta mke wangu Suzana kule Igoma kwenye mapanki yake anayouza. Aliendelea kugeuza ile mifupa ya sangara kwenye mafuta, hakuinua kichwa. Akauliza tu: sasa nani atamfundisha? Halafu akanitazama. Mimi, karani wa pamba aliyepunguzwa kazini kwa redandansi, mwaka wa pili huu kutwa yuko nyumbani. Jibu lilikuwa limesimama mbele yake limevaa kandambili.

Alhamisi, 4 Septemba

Kusoma na kuandika sina wasiwasi. Hesabu ndiyo kabisa, nimezifanya maisha yangu yote. Shida ni jiografia — na habari za watu na desturi zao, nani anaishi wapi, anakula nini. Kashi anapenda hayo kuliko pipi. Mtoto ambaye siwezi kumwachia aende hata dukani peke yake, anataka kujua Wachina wanalala juu ya nini!

Kumtembeza dunia siwezi. Basi angalau kitabu kimtembeze, na kiwe kizuri. Hili nimelitia moyoni.

Nimeanza na kitabu changu cha zamani cha shule. Picha ya kijiji cha ujamaa: trekta, ghala, watu wote wanacheka. Kashi kauliza hilo trekta liko wapi siku hizi. Nikasema limeharibika. Na ghala? Nikafunga kitabu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekwenda naye kwa mzee Mansukh, duka la vitabu. Soko huria limemnenepesha yule mzee, rafu zimejaa mpaka darini. Kanitolea kitabu cha Kenya. "Machibya, hiki ndiyo shule zote za academy sasa natumia. Angalia karatasi! Angalia rangi!"

Karatasi nzuri kweli. Kashi akafunua penye ziwa letu, macho yamemtoka. Kisumu ipo, visiwa vya kwao vipo, mitumbwi ipo. Halafu ramani inafika mpakani na kukatika. Chini yake weupe mtupu.

Akauliza sisi tuko wapi. Nikamwekea kidole nje ya ukurasa, juu ya meza ya Mansukh.

"Tumeanguka?" akasema.

Sipendi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mansukh akacheka, akamkatia peremende. Kitabu nimekichukua hivyo hivyo, kwa ajili ya picha.

Jumatano, 10 Septemba

Leo bahati! Yule mama wa Kimarekani wa misheni anarudi kwao, anagawa vitu. Kaniuliza Kashi anasoma wapi. Nikasema nyumbani, huku nimeinamisha uso. Kumbe na yeye wanawe wote kawafundisha nyumbani! Kwa kupenda! Hakufukuzwa na mtu! Akanibebesha boksi zima: "Watu wa Dunia", mwaka mzima, kila wiki nchi moja. Bendera, chakula, mavazi, salamu zao. Mtoto anatengeneza pasipoti yake mwenyewe, kila anakofika unamgongea mhuri.

Nimelisoma jioni yote, Kiingereza changu kikipumua kwa shida. Uholanzi wiki moja. Japani wiki moja. Afrika — wiki moja. Yote! Wiki hiyo mnakata uso wa simba kwenye sahani ya karatasi. Suzana alicheka mpaka akashika ubavu: bara zima wiki moja, hawa watu wana haraka ya kwenda wapi?

Sijamwona akicheka hivyo tangu mwezi uliopita.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeamua. Boksi la Mmarekani kwa utaratibu, kitabu cha Mansukh kwa picha, wiki ya Afrika naitupa, nitaijaza mwenyewe nikipata akili. Nimesumbuka na uchaguzi huu kuliko nilivyosumbuka kuchagua mke. (Suzana asione.)

Somo la kwanza linaitwa Watu Wangu. Maelekezo yanasema mtoto aanze na watu anaowajua kwa sura, na nyumba alizowahi kulala. Asikaririshwe kitu asichokiona. Nikaona hapo pana hekima. Nikakata mhuri wa kiazi, wino wa bluu. Kashi kachora pasipoti: nyumba yetu, mama na karai lake. Kisha Nansio. Bibi Bernadeta, mama yake Suzana, na machungwa yake, na meli, na mawe ya Ukerewe yaliyobebana. Mhuri! Mhuri! Kapiga makofi.

Akauliza Magu, kwa babu yake, tuweke? Nikamwuliza, umewahi kulala Magu? Hapana. Basi tuache, kitabu kimekataza. Nilijisikia mwalimu kweli.

Hajawahi kulala Magu kwa sababu sijampeleka. Na sitampeleka. Kule alikuwepo shangazi Selina, dada yake baba. Ugonjwa huu huu. Alikuwa na sahani yake, kikombe chake, kibanda chake pembeni. Akianguka watu wanasogea nyuma, mpaka amalize. Siku ile alianguka kwenye mafiga, ugali unapikwa. Watu walikuwepo. Wakasogea nyuma. Mimi nilikuwa mdogo kama Kashi, nikashikwa mkono nisiende. Harufu ile bado ninayo puani.

Kwa hiyo Magu wanajua mjukuu wao anasumbuliwa na malaria tu. Wakituma salamu, malaria. Wakiuliza likizo, malaria.

Ijumaa, 26 Septemba

Baba amekuja! Bila taarifa, mzee Maige mzima mzima mlangoni na mchele na jogoo. Nilifurahi, halafu nikaikumbuka ile malaria.

Kashi kapiga magoti, kaamkia vizuri, shikamoo babu. Baba kaitikia marahaba, kamwita "mke wangu" kama babu anavyomwita mjukuu wa kike, kamtania kwamba amemletea mahari ya jogoo. Kisha akamuuliza kama wazee wetu wanavyouliza kila mtoto: "Haya, wewe wa kwa nani?"

Mtoto wa Kisukuma hujibu hilo kabla hajajua kupenga kamasi. Unataja jina la babu yako, kwa sauti. Mimi nililitaja nikiwa mgongoni.

"Wa kwa Bibi Bernadeta, Nansio!" akasema Kashi, mbio ndani, akarudi na pasipoti.

Baba akaifunua ukurasa baada ya ukurasa. Hana kusoma kwingi lakini picha anaona. Meli. Machungwa. Bibi. Mihuri ya baba yake mjinga. Akafika mwisho, akarudi mwanzo akitafuta kitu, hakukiona. Akaifunga polepole, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Machibya," akasema, "wale ng'ombe wa mahari niliowapeleka Ukerewe walikuwa wangu, au wa jirani?"

Hakupandisha sauti. Bora angepandisha. Suzana alikuwa jikoni, nikasikia sufuria imetulia. Nikaanza kueleza maelekezo ya kitabu, mtoto aanze na sura anazozijua. Nikasikia mwenyewe ninachosema. Maana yake ni kwamba sura ya baba yangu haijui.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya kanisa baba ameuliza mbona mtoto hana yunifomu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia siku hizi mambo yamebadilika, ni enzi ya soko huria, watu wenye akili wanafundisha watoto nyumbani. Wamarekani wote! Nikamtolea boksi. Nikamwonyesha Japani. Nilisema vizuri sana, nadhani sijawahi kusema vizuri hivyo.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hakuna shule inayomngoja."

"Hakuna, baba."

"Wala mwalimu wa kumuuliza yuko wapi."

"Hakuna."

"Basi nitakwenda naye Magu. Akae mpaka mavuno. Hayo masomo ya watu unayoyatafuta, sisi ndio watu wenyewe."

Nimejifunga kamba mwenyewe, na fundo nikakaza mwenyewe! Ningesema yuko shuleni, angemwacha. Ningesema anaumwa, angeuliza nini. Sasa sina hata kisingizio kimoja. Mtoto kasikia, anaruka ruka uani: Magu, Magu, mhuri wa Magu!

Suzana kanivuta nyuma ya nyumba. Kasema niseme mimi. Yeye ni mkwe, hata kupita mbele ya baba anapita ameinama, mdomo wake hauwezi kufika kwake. Nikamwuliza, nikisema? Baba atampeleka kwa mganga, vidonge vyake vya kifafa vitatupwa chooni, ukoo mzima utajua, na sahani yake itatengwa. Na usiposema? akauliza. Mafiga yapo Magu mpaka leo.

Nikasema nitasema kesho.

Jumatatu, 29 Septemba

Sikusema.

Nilimpeleka baba ziwani aangalie meli zinavyopakia. Tulikaa juu ya jiwe, yeye na fimbo yake. Upepo mzuri, hakuna mtu karibu. Nikafungua mdomo, na yeye akaanza. Akasema tangu Selina afe, pale nyumbani hakuna mtoto wa kike wa kumpokea fimbo akirudi. Kasema Selina alikuwa anajua majina yote ya ukoo, na ndiye aliyemfundisha yeye. Sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo.

Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nafasi gani zaidi ya ile! Nikamwambia mwaka huu inaonekana mvua zitakuwa nyingi.

Akasema ndiyo, zitakuwa nyingi.

Jumanne, 30 Septemba

Baba anamfundisha Kashi uani tangu asubuhi. Majina. Maige mwana wa fulani, mwana wa fulani, kurudi nyuma hadi yule aliyehama na ng'ombe wakati wa njaa. Kila jina lina mahali pake: huyu alichimba kisima, huyu alivuka mto akapoteza ndama, huyu kazikwa njia ya Musoma chini ya barabara yao hii ya lami. Anachora chini kwa fimbo. Mto hapa, kilima hapa. Mtoto kalala kifudifudi, kidevu mkononi, hapepesi.

Nimesimama mlangoni nasikiliza. Hili ndilo somo nililokuwa nalitafuta! Kwa Mansukh halipo, kwa Mmarekani halipo. Lipo kwa mtu ambaye sipaswi kumpa mtoto wangu.

Kashi kaja kuniuliza mbona sikumfundisha haya. Nikamwambia mwalimu hufundisha anachokiweza.

Suzana hasemi na mimi.

Jumatano, 1 Oktoba

Naandika nimesimama, daftari juu ya pipa la maji. Gari la Magu ni saa sita. Baba yuko tayari, koti kavaa. Begi la Kashi liko mlangoni. Suzana kafunga vidonge kwenye kitambaa na kunipa nimpe baba, niseme kimoja asubuhi kimoja jioni. Nikampa. Nikasema vitamini.

Vitamini!

Baba kavipima mkononi, kasema kwake kuna maziwa. Kavitia mfukoni hata hivyo, sijui kama atavikumbuka.

Nilikuwa nimekata shauri. Kweli, wakati huu kweli. Nilimsogelea pale kwenye kiti, nikachuchumaa mbele yake kama mtoto, nikasema baba, kuna jambo. Akasema subiri, kwanza umsikie mke wangu. Akamwita Kashi atoe majina yote mbele yangu, kabla ya safari.

Akasimama kati ya uwanja, viatu vya Jumapili, mikono nyuma. "Mimi ni Kashindye wa Machibya, wa Maige..." Sauti safi. Baba anatikisa kichwa kwa kila jina. Suzana katoka jikoni, kajibanza ukutani na upawa. La nne, la tano. Hakukosea hata moja. Nilitaka kulia kwa fahari, na naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo.

Jina la sita hakulisema.

Macho yake yakahamia kando, juu kidogo ya paa, pasipo na kitu. Kidole gumba kikaanza kusugua gauni. Midomo inaenda bila sauti. Mimi naijua hali hiyo. Suzana anaijua, upawa umemshuka mkononi. Safari nyingine huishia hapo hapo, kidogo tu. Safari nyingine huo ndio mwanzo wa kuanguka.

Baba kainama mbele, anatabasamu. Kamnong'oneza jina. Akangoja. Akamnong'oneza tena, polepole, kama anayemlisha uji.

Tulisimama. Sote wawili, mimi na mama yake. Hatukusogea.

Ikapita. Kashi kapepesa macho, kamtazama babu yake, kaendelea na la saba kana kwamba hakuna kitu. Baba kapiga goti lake kwa furaha. "Limemtoroka moja tu! Atalishika njiani." Kanigeukia. "Haya, ulikuwa na jambo gani?"

Nikasema nakwenda kunywa maji kwanza.

Ndipo nipo hapa kwenye pipa. Kikombe kiko mkononi. Huko nje anamwambia Kashi amshike mkono, wasogee barabarani wakaliwahi gari, baba yako atatukuta huko. Nasikia kitasa cha geti. Suzana kaja mlangoni, ananitazama tu. Naweka kalamu.