Mende Mweupe Siku ya Arobaini Yako

Baba Nasra,

Assalaamu alaykum huko uliko. Kuja kaburini siwezi, eda hainiruhusu kutoka, na hata ingeniruhusu, niliyonayo si maneno ya kusemwa pale mbele ya watu wanaokuombea dua. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuandikia nimekasirika. Kinyonga wako amekufa.

Usiseme nilimwacha na njaa. Kitandani hukuniusia nyumba wala mnazi hata mmoja, uliniusia yeye: "Mama Nasra, Hakimu asilale njaa." Mtu roho iko kooni anawaza tumbo la kinyonga! Nikakuitikia, ningefanya nini? Nikaitika huku najiuliza miye nitaingizaje mkono kwenye kreti la mende.

Na bado siwapendi, ujue. Wenzangu hapa Makorora waume zao wanafuga kuku, wengine njiwa. Weye ulinijazia stoo makreti ya mende, wale wazito wasioruka, wa kumlisha kinyonga mwenye jicho moja uliyemnyang'anya kunguru njia ya Mkwaja. Ukamwita Hakimu, eti kwa kuwa hana haraka na jambo lolote. Nilikwambia mende hawafugwi, wanajifuga wenyewe, ukacheka mpaka ukapaliwa na chai.

Lakini niliwalisha. Tangu tulipoanua tanga niliwakatia karoti na papai, nikawawekea pumba na mchicha. Watu walitaka kuwamwagia makombo ya pilau, nikakataa, maana ulisema mafuta yanawaharibu. "Mende mwenye njaa ni ganda tupu, ukimpa Hakimu umempa ganda." Maneno yako hayo, sikuyasahau. Nilimchagulia wadogo, wasiozidi nafasi iliyo kati ya jicho lake zima na kovu la lile lililokufa. Nikimpata aliyejivua gamba punde, mweupe na laini, nilimtenga, kwa sababu hao ndio uliokuwa ukimpa akiwa mnyonge. Ila kuwashika kwa vidole sikuweza. Nilitumia kibanio cha mkaa, na Hakimu hakukipenda. Alitupa ulimi akakosa, akatupa tena akakosa, akanigeuzia mgongo. Alikula kidogo, lakini alikula.

Sasa nikupe habari ya arobaini yako.

Dada yako Mwanaidi yuko nami tangu tulipokuzika. Unamjua, na nani amjue kama weye aliyekulea? Halali, hasemi, anakaa tu na kanga yake kichwani. Siku ya khitma aliamka na ufagio. Nikafurahi, nikasema afadhali mwili umepata kazi. Akataka stoo nayo ifagiliwe. Nikamwambia, wifi, yale makreti usiyaguse. Akasema hayagusi. Akaenda akatoa trei za mayai wanamojificha mende, akazikung'uta uani, akazirudisha. Kwake yeye huko hakukuwa kugusa.

Basi tuko katikati ya Yasini, kina mama wamejaa mkekani, akatokea mende mmoja mweupe pepepe, anatembea polepole kana kwamba naye kaalikwa. Baba Nasra, laiti ungeona! Bi Zuhura wa nyumba ya pili akapiga kelele: "Msimuue! Mwenye nyumba huyo, kaja kutuaga!" Mwingine akasema mende mweupe hakuna duniani, hilo ni jini. Nusu wakalia, nusu wakakimbilia mlangoni. Nikawaambia jamani, ni mende kajivua gamba, ngojeni jioni mtamwona kawa wa kahawia kama wenzake. Nani amsikilize mjane? Waliniletea maji ya kunywa, wakanipapasa mgongo, wakasema ni uchungu.

Watu walipoondoka nikaingia kusali Alasiri. Natoa salamu, pua ikakutana na harufu ya dawa. Wifi alikuwa kashamaliza kopo zima la dawa ya mende humo stoo. Alitaka kuondoa jini nyumbani kwa mdogo wake, basi. Nilipiga kelele ambazo hukuwahi kuzisikia katika ndoa yetu, na ulisikia nyingi. Makreti yote, chali, miguu juu. Nikamwambia hawa hawafai tena, nikafunga mlango, nikamtuma Nasra aende Mabawa kwa rafiki yako aliyekupa mbegu ya mende, alale huko mpaka apewe wengine. Nikaona Hakimu, ambaye dawa haikumfika kwenye tawi lake uani, atafunga mpaka Nasra arudi, kinyonga hafi kwa siku mbili tatu. Majirani kwa huruma zao wakaniletea mende wa vyooni mwao ndani ya makopo. Niliwarudisha na makopo yao. Najua walichokula?

Nilisema hawafai. Sikusema kwa nini. Nilidhani kila mtu anajua kuwa sumu iliyomwingia mende inamfuata yeyote atakayemla. Nalijua hilo kwa sababu yako tu, na sikukumbuka kwamba dada yako hakukaa miaka yote hiyo akisikiliza mihadhara ya mende kila chakula cha jioni.

Asubuhi yake alinijia jikoni anatabasamu. Wifi Mwanaidi, anatabasamu! Alikuwa kaamka mapema, kaingia stoo, kaokota wale waliokuwa bado wanatikisa miguu. Alisema walikuwa wamelewa, hawakimbii, hata kuwashika rahisi. Akampa Hakimu kwa vidole vyake, mmoja mmoja, na Hakimu hakukosa hata mmoja. "Kala kwa mkono wangu, wifi. Kama alivyokuwa akila kwa mkono wa mdogo wangu." Alinionyesha vidole vyenyewe. Alitaka kuniomba radhi, Baba Nasra, na hiyo ndiyo njia aliyoiona.

Nilikwenda kumtazama Hakimu. Adhuhuri alikuwa kawa mweusi. Baadaye vidole vyake vikaanza kuachia tawi, kimoja kimoja, akaning'inia kwa mkia, akaanguka. Nilimwokota kwa mkono, safari hii bila kibanio. Nilikaa naye kwenye kanga yangu mpaka akatulia kabisa. Nililia, ndiyo, kwa ajili ya kinyonga, na ukicheka nitajua.

Kisha nikasimama kwenda kumwambia wifi. Nilikuwa na maneno tayari, makali. Wewe na ufagio wako. Wewe na dawa yako. Nilikwambia usiguse, ukagusa mara tatu. Nilimkuta kwenye mswala. Akaniangalia usoni, akajua kafa. Akauliza: "Kafa na nini?"

"Uzee, wifi," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Akasema, "Alhamdulillahi. Alau kafa kashiba." Akajilaza palepale kwenye mswala, akalala usingizi, yeye ambaye hajalala tangu uondoke. Nami nimesimama mlangoni na hasira yangu nzima, haina pa kwenda. Ndiyo maana nakuletea weye. Wa kulaumiwa ni weye, uliyekufa mapema ukatuachia mende.

Nasra amerudi na kopo la mende wapya, na sina wa kuwapa. Nimewakatia karoti. Usiniulize kwa nini.

Nakuahidi jambo moja tu. Dada yako hatajua. Hata siku tutakayogombania hii nyumba, na tutaigombania, kila silaha nitaitoa ila hiyo.

Mungu akulaze pema, mume wangu. Na Hakimu akifika huko, mpokee, ila usimuulize alikula nini.

Mama Nasra